Istilahi za Kinga ya Kutu Uvunguni mwa Lori

Mwongozo mmoja wa matunzo ya malori, ulioandikwa kwa ajili ya majimbo ya kaskazini ya Marekani, uliletwa mezani petu pamoja na tafsiri yake ili tuisahihishe. Sarufi ya tafsiri hiyo ilikuwa safi. Hata hivyo, fundi ambaye angeifuata neno kwa neno angeliharibu lori alilokusudia kulihifadhi. Kwa kuwa malori mengi yaliyokwisha kutumika huletwa kwetu kutoka Ulaya na Japani, na baadhi yake huwa yameonja chumvi ya barabara za huko, tumeona yafaa kuyaeleza maneno yaliyotutatiza.

Tuanze na chumvi yenyewe. Mfasiri aliandika “chumvi ya barabarani”. Msomaji wa Dodoma au Tabora atadhani ni chumvi iliyomwagika kutoka katika magunia. Kumbe katika nchi za baridi chumvi hunyunyizwa njiani makusudi. Maji matupu huganda yafikapo nyuzi 0 za sentigredi, lakini yakichanganyika na chumvi ya kutosha yaweza kubaki majimaji hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa hiyo barafu huyeyuka na magurudumu hushika njia. Jimbo la New Hampshire lilianza kuujaribu utaratibu huu mwaka 1938. Sisi tunapendekeza “chumvi ya kuyeyushia barafu”, maana jina hili hutaja kazi yake. Pamoja na chumvi ya kawaida hutumika pia kloridi ya kalsiamu na kloridi ya magnesiamu, ambazo hunyonya unyevu wa hewani. Ndiyo sababu lori lililopita juu yake huweza kubaki na unyevu chini yake hata barabara ikiwa imekwisha kukauka.

Neno lililotuchukua muda mrefu zaidi ni lile linalotaja sehemu ya chini ya gari. Tafsiri ilisema “chesisi” mahali pote. Chesisi ni kiunzi tu, yaani yale maboriti mawili marefu ya chuma na vyuma vya kukingama vinavyoyaunganisha. Fundi aliyeagizwa kuipaka chesisi ataipaka vizuri sana, kisha ataziacha paipu za breki, mikono ya springi, nyumba za ekseli na mikanda inayolishika tangi la mafuta. Paipu ya breki ni nyembamba. Ikitoboka, breki hushindwa, na tofauti ya istilahi huonekana mlimani wakati lori limebeba tani zake.

Lakini mafundi wetu wanalo neno. Kila siku twawasikia wakisema, “Ingia uvunguni uangalie.” Wapo waliotupinga kwamba uvungu ni ule uwazi ulio chini ya kitanda au gari, wala si vyuma vyenyewe. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haitoshi kulikataa neno. Lugha huruhusu jina la mahali kuchukua vitu vilivyopo mahali hapo. “Jiko” ni meko, na pia ni chumba chote cha kupikia. Kwa hiyo tumeamua kwamba “uvungu wa gari” ni sehemu zote zinazoonekana na mtu aliyelala chini ya gari, na chesisi ni mojawapo. Hatusemi kwamba chesisi ni jambo dogo. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilikubali kumaliza kesi nchini Marekani kuhusu chesisi zilizodaiwa kuoza kwa kutu katika magari yake, yakiwemo ya mizigo ya aina ya Tacoma na Tundra. Mapatano yalihusu magari yapatayo milioni 1.5, na thamani yake ilikisiwa kufika dola bilioni 3.4.

Sasa kutu. Husemwa kwamba kutu hula chuma, na msemo huo ni wa zamani na mzuri. Katika mwongozo wa kazi, hata hivyo, unapotosha. Kinachokula ni maji na oksijeni vikishirikiana juu ya chuma, kwa njia inayofanana na ile ya betri: umeme mdogo hupita, na chuma hupungua. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme huo kwa wepesi zaidi. Kutu ni mabaki ya mlo, si mlaji. Mtu akiamini kuwa kutu ndiyo adui pekee, ataipangusa na kuondoka, ilhali tope lenye chumvi bado limejificha katika maungio. Tena kutu ni ya chuma na vyuma vya jamii yake. Kwa kuharibika kwa metali yoyote, iwe aluminiamu, shaba au zinki, tunapendekeza “ulikaji”.

Kosa lililotushtua kuliko yote lilikuwa katika neno “andakoti”. Kwa wapaka rangi, andakoti ni rangi ya kwanza inayotangulia ile ya juu. Mwongozo wa Marekani ulikusudia mpako mzito, kama lami au nta, unaopakwa uvunguni. Rangi ya kwanza ikiachwa peke yake hupitisha unyevu, na chuma kitaendelea kuliwa chini yake bila kuonekana. Tunasema “mpako wa uvunguni”. Nao mpako huo, ukipakwa juu ya kutu yenye unyevu, huufungia unyevu ndani. Sharti kwanza uvungu uoshwe, ukwanguliwe kwa brashi ya waya, ukauke kabisa. Mafuta mepesi yanayopenya katika maungio hayana hatari kubwa kama hiyo, lakini huoshwa na mvua na huhitaji kupakwa upya, aghalabu kila mwaka. Ekzosi, diski na ngoma za breki visipakwe kitu chochote.

Kwa dawa zenyewe tafsiri ilitumia “dawa ya kutu” mara tisa, kwa maana tatu. Twaomba zitengwe: “kizuia-kutu” ni kile kinachoizuia isianze; “kiondoa-kutu” ni kile kinachoitoa; “kigeuza-kutu”, ambacho aghalabu huwa na asidi ya taniki au ya fosforiki, huigeuza kutu iliyobaki iwe utando mgumu unaoweza kupakwa rangi. Mwenye kununua cha kwanza akitarajia kazi ya pili atakuwa amepoteza fedha na chuma.

Liko neno jingine ambalo mtu wa bara hawezi kulishuku. Tafsiri iliagiza lori lioshwe kwa “maji baridi”. Kwa Waswahili wa pwani maji baridi ni yale yasiyo na chumvi, nayo ndiyo maana iliyotakiwa. Kwa wengine wote ni maji yasiyo moto, hata yakiwa yametoka kisima cha chumvichumvi. Iandikwe wazi: “maji yasiyo na chumvi”. Na matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya maboriti na milango yasizibwe kwa mpako.

Imebaki dhana moja. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa; ikijijenga kati ya bamba mbili zilizopigwa ribiti huzitanua hata zikapinda. Kwa muda tumeiita “kutu tanuzi”, ingawa jina hilo halituridhishi. Mafundi wa gereji za Tanga, Mbeya na Mwanza huenda wana jina lao. Wasomaji wanaolijua watuandikie kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati ya usanifishaji.