Mashimo ya Sirikwa: mazizi ya kale yanayopotea mashambani

Msikilizaji wetu, kama unaishi Uasin Gishu, Nandi, Trans Nzoia, Elgeyo Marakwet, Kericho au Nakuru, huenda umewahi kuona shimo pana kama sahani kwenye mteremko wa malisho. Upande wa chini lina tuta la udongo, na mara nyingi haliko peke yake: jirani yake kuna mengine matano, kumi au zaidi. Mwenye shamba huliona kuwa kero kwa sababu trekta halipiti vizuri, basi hulijaza udongo na kupanda mahindi.

Kabla hujalijaza, soma makala haya. Huenda shimo hilo ni zizi la ng'ombe lenye umri wa miaka mia tatu au hata mia saba.

Ni mashimo gani haya?

Yanaitwa mashimo ya Sirikwa. Wazee wa Kikalenjin husimulia kwamba Wasirikwa ndio waliofuga katika nyanda hizi hapo kale, na zipo koo zinazosema zimetokana nao. Mashimo yalitumika kuanzia miaka ya 1200 hivi hadi miaka ya 1700. Mengi yana upana wa mita 10 hadi 20.

Wazungu wa kwanza waliofika huku walidhani watu waliishi ndani ya mashimo. Uchimbaji ulionyesha vingine. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, kando ya mji wa Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Baadaye, kuanzia miaka ya 1960, John Sutton alichunguza mashimo mengi ya nyanda za juu za magharibi. Ilibainika kwamba ndani ya shimo walilala mifugo. Watu walilala kwenye nyumba zilizojengwa ubavuni mwa shimo, nje ya uzio.

Zizi lilifanyaje kazi?

Mfugaji alichagua mahali penye mteremko, akachimba upande wa juu na kurundika udongo upande wa chini. Kisha alizungushia uzio. Penye mawe mengi, kama Uasin Gishu, alijenga ukuta wa mawe. Lango lilikuwa moja tu, upande wa chini, na hapo ndipo mkojo na matope yalipotokea. Samadi iliyozolewa ilitupwa nje karibu na lango, na tuta likazidi kukua.

Mlango wa nyumba ulifunguka ndani ya zizi. Mwizi wa usiku hakuweza kufika nyumbani wala kutoa ng'ombe bila kupita lango lile lile lililolindwa. Ulikuwa ulinzi mzuri dhidi ya wezi wachache. Watafiti wanaeleza kwamba uvamizi ulipokuja kuwa wa vikosi vikubwa, zizi la namna hii halikutosha tena, na watu wakaacha kuyachimba.

Je, mashimo 20 ni familia 20?

Si lazima. Zizi lilipojaa samadi na kuchakaa, familia ilichimba jingine hatua chache kutoka pale. Kwa hiyo kundi kubwa la mashimo laweza kuwa kazi ya familia chache kwa vizazi vingi. Ndiyo maana kuacha shimo moja na kusawazisha mengine hakutoshi: mpangilio wao wote ndio unaoeleza watu walivyoishi na kuhama.

Kwa nini tunakuambia haya?

Wasirikwa hawakuacha maandishi. Walichoacha ni simulizi za wazee na alama hizi ardhini. Jembe la trekta likipita misimu kadhaa, tuta hushuka, shimo hujaa, na vigae vya vyungu na mifupa ya mifugo huchanganyika hata mtaalamu asiweze kujua kipi kilitangulia.

Ufanye nini ukiwa nalo shambani?

Kwanza, usilichimbue kutafuta mali. Utakuta mavi ya kale, vigae na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Pili, liache liwe malisho; ng'ombe wakila nyasi humo hawaliharibu kama jembe linavyoliharibu. Tatu, lipige picha kwa simu yako, hesabu mashimo yaliyopo, kisha toa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua mahali pa kale atoe taarifa, na inakataza uchimbaji wa utafiti bila leseni.

Ukitaka kuona mashimo yaliyotunzwa, nenda Hyrax Hill. Pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1965, na utapita kando ya mazizi yenyewe. Ukirudi nyumbani, kaa na mzee wa kijiji umuulize mashimo ya kwenu yaliitwaje. Jina hilo halitapatikana kwa kuchimba.