Nyasi zikipumzika, kichinjio kitachinja nini?

Simama kwenye bucha yoyote hapa Mbaraki utasikia swali lile lile: mbona kilo imepanda tena? Wengi humlaumu mwenye bucha. Mimi nasema tuangalie mbali zaidi, huko malishoni Taita Taveta, Kwale na Tana River, ambako ng'ombe wetu wengi hutoka.

Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini. Wafugaji waliouza mapema waliuza kwa bei ya kutupa. Vichinjio vilipata ng'ombe waliokonda, kisha vikakosa ng'ombe. Ndiyo sababu sasa wafugaji wanahimizwa kupunguza mifugo, kulisha kwa zamu ili ardhi ipumzike, na kuweka akiba ya majani makavu.

Ni jambo jema, ila lina gharama. Mfugaji anayejenga upya kundi lake hauzi mitamba, huiacha izae. Ndama naye huchukua miaka 3 au zaidi kufikia kuchinjwa. Muda wote huo ng'ombe sokoni ni haba, lakini kichinjio kinalipa umeme wa chumba cha baridi na mshahara wa walinzi vile vile, wachinjwe ng'ombe 10 au 100. Wakiwa wachache, kila kilo hubeba mzigo mkubwa zaidi. Kibarua anayelipwa kwa kichwa hurudi nyumbani mapema, mfuko mtupu. Muuza matumbo na mnunuzi wa ngozi pia huumia.

Faida huja baadaye: ng'ombe aliyeshiba hutoa nyama karibu nusu ya uzito wake, aliyekonda hutoa pungufu.

Lakini si kila ranchi itarudi kwenye ng'ombe. Rukinga, kule Taita Taveta, ilikuwa ranchi ya ng'ombe. Leo kazi yake kubwa ni kuhifadhi msitu na wanyamapori, na huingiza pesa kutokana na biashara ya hewa ya kaboni. Pesa hizo hazifiki kwa mchinjaji wa Mombasa.

Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa 1950, ina tawi lake Kibarani, si mbali na hapa. Kila ukame ukibisha, serikali huitumia kununua mifugo ya wafugaji. Naomba inunue pia miaka ya mvua, kwa mikataba na bei inayojulikana mapema. Mfugaji akiwa na uhakika wa soko, atapunguza kundi bila hofu, na kibarua wetu atakuwa na kazi mwaka mzima.