Ave Africa: santuri ya roki iliyoachwa ng'ambo ya mpaka

Wakongwe wa muziki wa dansi wakiombwa kutaja bendi za Dar es Salaam za miaka ya 1970, NUTA Jazz hutajwa kabla swali halijaisha. Western Jazz haichelewi, na mtindo wake wa Saboso. Afro 70 ya Patrick Balisidya hufuata. Sunburst husubiri sana, na mara nyingi haitajwi kabisa.

Bendi hiyo ilitoa albamu moja tu, Ave Africa, mwaka 1976. Ni roki: gitaa la Hembi Flory Kongo linakwaruza na kulia, kinanda kinajaza nafasi ambayo kwenye dansi ingeshikwa na tarumbeta, na James Mpungo anaimba kwa nguvu za mtu aliyesikiliza sana soul ya Marekani. Anaimba Kiswahili, anaimba Kiingereza. Jina la wimbo kama "Enzi za Utumwani" linatosha kuonyesha kwamba vijana hawa hawakuishia kwenye mapenzi na disko.

Na bado walikuwa watoto wa dansi. Kila bendi ya mjini wakati huo ilikuwa na mtindo wake wenye jina: NUTA walikuwa na Msondo, Sunburst wakauita wao Kitoto. Bendi iliyotaka kuiga Uingereza tu isingehangaika na mtindo. Hapo ndipo thamani ya albamu hii ilipo, wala si katika kuthibitisha kwamba Mtanzania naye anaweza kupiga gitaa kama mzungu. Hilo halikuhitaji ushahidi.

Mazingira hayakuwa rafiki. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulianzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Sunburst walichipuka mara tu baada ya hapo, wakipiga muziki wenye soul ndani yake. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Aliyetaka sahani alitazama Nairobi. Nyumbani, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ndiyo iliyokuwa studio na ndiyo iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara. Kwa msikilizaji wa Tumati, huko Mbulu, mwenye redio yake ya betri, wimbo ambao RTD haikuupiga ulikuwa kama haujaimbwa.

Ave Africa, hata hivyo, ilitoka Zambia. Mwaka huohuo wa 1976 reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi, na huko upande wa pili wa reli vijana walikuwa wamekolea roki: WITCH ya Emmanuel "Jagari" Chanda, Amanaz, Paul Ngozi. Sunburst waliwakuta wasikilizaji waliowaelewa. Lakini santuri iliyozaliwa ugenini haikupata mwenyewe. Wazambia walikuwa na bendi zao za kujivunia, Watanzania hawakuiona madukani, na bendi yenyewe haikudumu muda mrefu baada yake.

Miaka 40 ilipita. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London iliitoa upya ikiwa na rekodi nyingine za bendi hiyo za kuanzia 1973. Wakusanyaji wa santuri wa Ulaya wakashangilia, kama kawaida yao, huku vipindi vya zilipendwa vya kwetu vikiendelea na nyimbo zilezile.

Si kila wimbo umezeeka vizuri. Vipande vya Kiingereza vina ule ulegevu wa bendi ya hotelini. Vile vya Kiswahili ndivyo vyenye uhai. Leo kijana wa Tumati mwenye simu na bando anaweza kuisikiliza albamu yote jioni moja, jambo ambalo babu yake hakuliweza. Mtangazaji wa zilipendwa anayetafuta pa kuanzia aanze na "Enzi za Utumwani", tena auache wimbo uishe bila kuongea juu yake.