Motokaa Kuukuu Iliayo Usiku

Siku hizi motokaa si ajabu tena vijijini. Zamani ilipofika moja, watoto waliacha michezo yao wakakimbia kuitazama. Leo mwalimu anayo, mwenye duka anayo, na huenda mzee wa kijiji naye anayo. Nyingi katika hizo si mpya. Huja kwa meli kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika huko miaka kadhaa, zikashushwa Mombasa au Dar es Salaam, nazo zina usukani upande wa kulia kama ipasavyo barabara zetu. Ni motokaa nzuri, wala hatuwalaumu wazinunuao. Lakini kitu kilichotumika kina tabia zake, na yampasa mwenyewe kuzijua. Leo twapenda kueleza jambo moja liwasumbualo wengi, yaani king'ora kiliacho usiku bila mwizi, pamoja na matata ya umeme yaandamanayo nacho.

Twamjua mwalimu mmoja ambaye motokaa yake ilikuwa ya pekee kijijini kwao. Usiku mmoja, saa nane, king'ora kikalia. Akatoka na tochi, asione mtu. Usiku wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Majirani wakaanza kunong'ona, na wengine wakasema kuna jini. Fundi mmoja akamshauri anunue king'ora kipya. Fundi wa pili akazikata nyaya, kelele zikakoma, na watu wote wakalala. Baada ya siku chache mama mmoja akashikwa na uchungu wa uzazi usiku wa manane, wakaja kubisha mlango kwa mwalimu. Akazungusha ufunguo; motokaa ikatoa mlio mdogo, tik, basi. Mama yule alipelekwa hospitali kwa pikipiki, mumewe akimshika kwa nyuma, na twashukuru kwamba walifika salama, yeye na mtoto wake. Kulipokucha boneti ikafunguliwa, ikaonekana betri imechoka, na vichwa vyake vimefunikwa na unga mweupe. King'ora hakikuwa na kosa lo lote. Kilikuwa kikitoa habari ya betri, nacho kikazibwa kinywa.

Sababu ni hii. Mlango wa motokaa ufunguliwapo, taa ya ndani huwaka, na nguvu ya betri hushuka kidogo. Ving'ora vingi vya zamani humtambua mwizi kwa upungufu huo. Basi betri ikichakaa, nguvu yake hushuka yenyewe, hasa katika baridi ya alfajiri, na king'ora hudhani kuwa mlango umefunguliwa. Tena baadhi ya ving'ora vina betri ndogo ndani yake, ili vilie hata mwizi akikata nyaya. Betri hiyo nayo ikifa, king'ora huweza kulia ovyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuitazama betri. Yafaa kuwa na mita ya kupimia umeme, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya king'ora kipya. Pima asubuhi kabla injini haijawashwa. Mita ikionyesha volti 12.6, betri imejaa, 12.4 ni yapata robo tatu; na ikiwa 12.0 au chini yake, betri imekaribia kwisha. Kisha washa injini upime tena. Sasa yapasa usome kati ya 13.8 na 14.5. Hesabu ikikaa pale pale kwenye 12, basi shida i katika altaneta, yaani mtambo uzungushwao na mkanda wa injini ili kuijaza betri, au katika mkanda wenyewe au nyaya zake. Hapo ukinunua betri mpya, nayo itakufa kama ile ya kwanza.

Jambo la pili ni usafi wa vichwa vya betri. Zima injini na king'ora. Ondoa kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Wakati wa kurudisha, anza na chanya, umalize na hasi. Osha ule unga kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, sugua mpaka chuma king'ae, kausha, ukaze barabara. Linda macho na ngozi, maana maji ya betri ni tindikali. Wala usilete sigara wala moto wo wote karibu, kwa kuwa betri hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Jambo la tatu, ambalo wengi hulisahau, ni njia ya kurudi umeme. Umeme hutoka katika betri kwa waya, hupita katika taa, kisha hurudi kwa njia ya bodi ya chuma. Mahali waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi na kwenye injini pakiingia kutu, umeme hukosa njia yake ukapenya katika njia za taa nyingine. Hapo utaona vioja: ukikanyaga breki, taa ya kugeukia nayo huwaka kwa uhafifu, ukiwasha taa kubwa, mshale wa petroli hucheza. Hilo si jini, ni kutu. Fungua nati, sugua kwa msasa, ufunge tena kwa nguvu.

Jambo la nne ni vitufe vya milango. Fungua mlango mmoja mmoja na kutazama taa ya ndani. Mlango usiowasha taa, au unaoacha taa ikiwaka baada ya kufungwa, kitufe chake kina vumbi au kimechakaa. Boneti nayo mara nyingi ina kitufe cha king'ora, nacho hupata maji na matope kuliko vyote. Tena kipo kifaa kinachohisi mtikisiko. Kikiwekwa kikali mno, embe likianguka juu ya paa king'ora hulia. Fundi aweza kukipunguza kwa skrubu ndogo. Na rimoti isiposikiwa ila ukiwa karibu sana, badili kwanza betri yake ndogo kabla ya kulaumu kingine.

Huenda yote hayo yakawa mazima, na bado betri ikafa kila baada ya siku chache. Basi kuna kitu kinachoinywa polepole. Bandu bandu huisha gogo. Tufanye hesabu: betri ya ampea-saa 45, ikinywewa nusu ampea mchana na usiku, itakwisha kwa saa 90, yaani kabla ya siku nne kutimia. Motokaa nzima iliyolala haipasi kunywa zaidi ya sehemu 50 katika elfu za ampea moja. Kwa kiasi hicho betri ile ile ingechukua zaidi ya siku 37. Mwambie fundi aifunge mita kati ya waya wa hasi na betri, angoje nusu saa vyombo vyote vilale, kisha atoe fyuzi moja moja. Ile ambayo ikitolewa hesabu hushuka, ndiyo ya njia yenye kosa. Aghalabu mnywaji ni redio au king'ora kilichotiwa baadaye, ambacho nyaya zake zimesokotwa tu na kuviringwa utepe. Wakati wa kupima hivyo, mtu asiwashe injini, maana mita itaungua.

Twamalizia kwa onyo lililo kubwa kuliko yote. Fyuzi ikikatika, imefanya kazi yake ya kuzuia moto. Kila rangi ina kipimo chake: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, manjano 20, kijani 30. Rudisha rangi ile ile iliyokuwapo. Wako watu waizungushiao fyuzi waya wa shaba au karatasi ya sigara ing'aayo, wakifurahi kwamba taa imewaka. Kosa likitokea tena, fyuzi haitakatika, bali nyaya zitawaka ndani ya dashibodi, na motokaa huweza kuteketea pamoja na waliomo. Fyuzi ikikatika mara mbili, tafuta sababu.

Mwalimu yule amezirudisha nyaya za king'ora, zikaungwa vizuri, na betri mpya ikatiwa. Hesabu hizi za volti ameziandika kwenye kipande cha karatasi akakibandika chini ya boneti, na kila Jumamosi asubuhi huipima betri kabla ya kuwasha injini. Yafaa kila mwenye motokaa kuukuu afanye hivyo, hasa yule ambaye majirani humtegemea usiku.