Kupunguza Uzito Polepole: Hesabu Inayoanzia Jikoni

Mkoa wa Singida unafahamika nchini kwa mafuta ya alizeti, kuku wa kienyeji, vitunguu na asali. Kwa familia nyingi mazao haya ni chakula na pia ni kipato. Hata hivyo, mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la juu la damu anapoambiwa apunguze uzito, ndivyo vyakula anavyopaswa kuviangalia upya. Ushauri anaoupata mara nyingi ni mfupi mno: "Punguza wanga, acha mafuta." Hauna kipimo. Mgonjwa hujinyima kwa wiki tatu, njaa ikamshinda, kisha hurudia mlo wake wa zamani akiamini kwamba kosa ni lake.

Tatizo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2015-16 ulionesha kwamba wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hali hizi mbili zaweza kukutana katika nyumba moja, kwenye sufuria moja. Kwa sababu hiyo, mpango wa kupunguza uzito hauna budi kuwa na vipimo vinavyomhusu mhusika peke yake.

Mwili hutumia kiasi gani

Nishati ya chakula hupimwa kwa kilokalori. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa takribani kilokalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Mwili hutumia sehemu kubwa ya nishati hiyo kuendesha moyo, ubongo, ini na viungo vingine hata mtu akiwa amelala. Inayobaki hutumika katika kazi na mwendo. Inayozidi huhifadhiwa kama mafuta.

Uchukuliwe mfano wa mama wa miaka 45 mwenye kilo 85 na urefu wa sentimita 160, anayeshinda ameketi dukani. Kwa kanuni za makadirio zinazotumiwa na wataalamu wa lishe, mwili wake hutumia karibu kilokalori 2,050 kwa siku. Akipunguza 500, atabaki na takribani 1,550. Kwa kiwango hicho anaweza kutarajia kupungua karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni, na kadiri miezi inavyopita kasi hiyo itashuka, kwa kuwa mwili mwepesi huhitaji nishati ndogo. Kwa kawaida mwanamke hapaswi kushuka chini ya kilokalori 1,200 kwa siku, wala mwanamume chini ya 1,500, bila usimamizi wa mtaalamu.

Kupima bila kupima kila tonge

Watu wachache watapima kila tonge, wala hakuna haja. Vyanzo vitatu vinatosha kutoa kilokalori hizo 500.

Cha kwanza ni mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kina takribani kilokalori 120. Familia ya watu wazima watano inayomaliza lita moja kwa siku nne humpa kila mmoja mililita 50 kwa siku, yaani zaidi ya kilokalori 400. Lita hiyo ikidumu siku nane, kila mmoja atakuwa amepunguza 200 bila kuacha chakula chochote. Inatosha kuandika ukutani tarehe chupa ilipofunguliwa. Ni kweli kwamba mafuta ya alizeti ni bora kwa moyo kuliko mafuta yanayoganda, lakini ubora huo haupunguzi nishati yake.

Cha pili ni sukari. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, akibaki na kijiko kimoja kwa kikombe atapunguza karibu kilokalori 100. Soda moja ya mililita 350 ina takribani 150. Asali nayo ihesabiwe: kijiko kikubwa kimoja kina zaidi ya kilokalori 60, hata kama ni ya nyuki wa Manyoni.

Cha tatu ni ugali. Gramu 100 za unga mkavu, uwe wa mtama, uwele au mahindi, zina takribani kilokalori 350. Kupunguza unga wa mtu mmoja kwa gramu 55 hadi 60 kwa siku huondoa nyingine 200. Nafasi inayobaki sahanini ijazwe mlenda, mchicha au majani ya kunde yaliyopikwa kwa mafuta kidogo, pamoja na maharage, choroko, dagaa au kipande cha kuku. Mboga huleta makapimlo yanayoshibisha. Protini hulinda misuli isipotee pamoja na mafuta.

Mtoto mdogo asiingizwe katika hesabu hii. Yeye anahitaji mafuta ili akue, hivyo kijiko chake kiongezwe kwenye uji au sahani yake baada ya chakula cha wakubwa kupakuliwa.

Kwa nini isiwe haraka

Mwaka 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya kwa miezi sita, hadi karibu nusu ya walichokuwa wakila. Walipoteza takribani robo ya uzito wao. Miili yao ilibana matumizi ya nishati, nao wakawa hawawazi ila chakula. Waliporuhusiwa kula, mafuta ya mwili yalirejea kwa kasi. Hawakuwa wanene, lakini mwili wa mnene nao hupambana na njaa kwa njia hiyo hiyo. Kupungua haraka mno huongeza pia hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Kupungua kidogo kuna faida kubwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatiliwa kwa wastani wa takribani miaka mitatu. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Kwa mama wa mfano wetu, asilimia 7 ni kilo 6 tu.

Ipo pia sababu ya kijamii. Wapo bado wanaohusisha kukonda ghafla na UKIMWI au ufukara, na minong'ono hiyo imewafanya wengi waache walichoanza. Anayepungua polepole hupata muda wa kuizoesha familia yake.

Wanaohitaji daktari kwanza

Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kifua kikuu na waliopungua uzito bila kukusudia wasifuate mpango huu. Wa mwisho wachunguzwe chanzo. Anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari ghafla akipunguza chakula, hivyo dozi yake ipangwe upya kabla hajaanza. Dawa za shinikizo la damu nazo zaweza kuhitaji kupunguzwa uzito unaposhuka.

Kufuatilia kwa mwaka mzima

Singida ina msimu mmoja wa mvua, na baada ya mavuno, kuanzia Mei, sahani hujaa na sherehe huongezeka. Katika miezi hiyo, lengo la kutoongezeka linatosha. Mhudumu ampime mgonjwa mara moja kwa wiki au kwa mwezi, kwa mizani ile ile, na kuandika kwenye kadi yake. Uzito ukisimama kwa wiki sita, kwanza iulizwe lita ya mafuta imedumu siku ngapi, kisha hesabu irudiwe kwa uzito mpya. Mgonjwa asiyeweza kuishi na kiwango alichopangiwa aongezewe kilokalori 100 au 200 na kupewa miezi zaidi, badala ya kulaumiwa.