Mlango wa Duka la Kikundi: Mafuta, Vanishi au Rangi?



Kikundi kimoja tulichotembelea hapa visiwani kilinunua mlango mzuri wa mbambakofi kwa michango ya mwaka mzima. Pesa zilikuwa zimekwisha, basi wakaupaka vanishi ya bei rahisi, mkono mmoja tu. Mlango ulitazama bahari. Masika yalipopita, vanishi ilibanduka kama magamba ya samaki na mbao za chini zilianza kuoza. Tuliumia pamoja nao.

Je, mlango uliharibiwa na nini? Si mvua peke yake. Jua ndilo huanza kwa kuikausha vanishi hadi ipasuke. Maji huingia kwenye nyufa na kujificha chini yake, na mbao haikauki tena. Chumvi ya bahari nayo huvuta unyevu.

Tuna njia tatu za kuchagua:

1. Mafuta ya linsidi. Huzama ndani ya mbao, kwa hiyo hayabanduki. Yanafaa mlango wa nakshi. Lakini hayazuii jua sana. Yarudieni kila mwaka, na mlango ukipigwa jua, mara mbili. Msitumie mafuta ya kupikia: hayakauki, hushika vumbi.

2. Vanishi ya mashua. Hupendeza, lakini yataka mikono kadhaa. Pigeni msasa na kuongeza mkono mwingine kabla haijapasuka. Hudumu zaidi mlango ukiwa kivulini.

3. Rangi ya mafuta. Ndiyo huzuia jua vizuri zaidi, ila huficha uzuri wa mbao. Ukiipaka juu ya mbao mbichi, itabanduka.

Na mlango wa faiba? Huo hauozi, lakini jua huufifisha ukatoa unga. Mafuta hayaingii humo. Uosheni, pigeni msasa mwepesi, kisha mpake rangi ya faiba kama mafundi wa boti wafanyavyo.

Njia yoyote mtakayochagua, osheni chumvi kwa maji baridi ya kisima, acheni mlango ukauke kabisa, na fanyeni kazi wakati wa kaskazi, kabla ya masika. Msisahau ukingo wa juu na wa chini; huko ndiko maji huingilia.

Tahadhari! Vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe. Vitandazeni nje vikauke, mbali na makuti. Na kama mlango ni wa zamani katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, waulizeni kwanza watu wa Makumbusho.

Ushauri wetu ni huu: msichague kinachong'aa siku ya kufungua duka. Chagueni kile ambacho kikundi kitaweza kukirudia wenyewe, na muweke akiba yake tangu leo.

Maswali ya kujadili kikundini:
– Mlango wetu unapigwa na jua saa ngapi?
– Nani atauangalia kila kaskazi, na pesa zitatoka wapi?