Istilahi na Utumikaji: Suala la Lugha katika Upimaji wa Tovuti za Maktaba za Vyuo Vikuu

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili upimaji wa utumikaji wa tovuti za maktaba za vyuo vikuu kwa mtazamo wa isimu. Kwa neno utumikaji tuna maana ya kadiri ambavyo chombo humwezesha mtumiaji kutimiza azma yake. Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kupitiwa upya mwaka 2018, kinataja vigezo vitatu: kufanikiwa kwa kazi, juhudi na muda unaotumika, na kuridhika kwa mtumiaji. Hoja yetu ni kwamba, katika tovuti ya maktaba, vigezo hivi hutegemea sana neno lililoandikwa kwenye kiungo.

2.0 Jinsi Upimaji Unavyofanywa

Mpimaji huandaa kazi halisi, kama vile kutafuta makala kuhusu ngeli za Kibantu. Mshiriki huachwa atafute mwenyewe huku akisema kwa sauti anachofikiri. Mpimaji hamsaidii, huandika kila anachobonyeza, mahali anaposita na anapokata tamaa.

Jambo la kuzingatiwa ni lugha ya maelezo ya kazi. Tukimwambia mwanafunzi "tafuta katika kanzidata", ilhali neno hilo limo kwenye ukurasa, tumekwisha kumpa jibu. Atalinganisha herufi tu, nasi hatutajua kama ameelewa maana.

Kuhusu idadi ya washiriki, Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watu 5 huweza kufichua kiasi cha asilimia 85 ya matatizo, ikiwa kila mmoja hufichua wastani wa asilimia 31. Hesabu hii huchukulia kwamba washiriki wanafanana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na profesa si kundi moja. Kila kundi halina budi kupimwa peke yake.

3.0 Neno Kama Kikwazo

John Kupersmith, aliyekuwa mkutubi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikusanya matokeo ya vipimo vya maktaba nyingi. Mkusanyo wake wa mwaka 2012 unaonyesha kwamba, kwa wastani, ni nusu hivi tu ya watumiaji waliofaulu kupata makala za majarida au kanzidata zake. Vifupisho na istilahi za kikutubi viliwatatiza. Viungo vilivyotaja lengo, kama "tafuta vitabu" na "tafuta makala", vilieleweka vyema zaidi.

Mifano hiyo ni ya Kiingereza, lakini Kiswahili nacho kina mitego yake. Neno marejeo, kwa mwanafunzi, ni orodha ya vitabu mwishoni mwa insha. Kwa mkutubi, ni sehemu ya kamusi na ensaiklopidia. Jarida ni gazeti la burudani na pia chapisho la kitaaluma. Dhana moja ina majina mawili yanayoshindana, kanzidata na hifadhidata. Orodha ni neno pana mno, na katalogi ni geni kwa wengi. Ni neno lipi litamfikisha msomaji? Swali hili halijibiwi kwa kuchunguza mofolojia ya neno pekee, bali kwa kumtazama msomaji akilitumia.

4.0 Hitimisho

Tumezoea kuhesabu kwamba istilahi imekamilika inapoundwa, kujadiliwa na kusanifiwa. Utaratibu huo ni wa lazima, lakini hautoshi. Mwanafunzi asiyeelewa kiungo halalamiki. Huondoka akiamini kuwa maktaba haina anachokitafuta, na majarida yaliyolipiwa kwa fedha nyingi hubaki bila kusomwa. Kosa hilo si lake, ni la neno. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba maktaba inayoandaa kurasa za Kiswahili ishirikiane na wanaisimu, na kwamba kila istilahi ipimwe kwa watumiaji kabla ya kuwekwa kwenye ukurasa. Hatua ya kwanza haihitaji gharama kubwa: kompyuta moja, kalamu na karatasi, wanafunzi watano, na mpimaji mwenye subira ya kunyamaza.